Pikipiki na Hadhira Yake: Uhakiki wa Mitindo ya Uendeshaji katika Mchukwi na Kibiti

Utangulizi

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi wetu huelekea kwenye ngoma, vinyago, tenzi na masimulizi ya wazee. Mwelekeo huo ni wa haki, kwa maana hizo ni hazina tulizoachiwa. Hata hivyo, utamaduni haukomi pale mashine inapoanza. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, maneno hayo mawili, utamaduni na vijana, yalikaa pamoja katika jina moja, na jambo hilo lina fundisho. Kijana hurithi, lakini pia huumba. Anachokiumba, hata kikiwa cha chuma na mpira, hakina budi kutazamwa kwa jicho lilelile la uhakiki tunalolitumia tunaposoma shairi au tamthiliya.

Insha hii inahakiki pikipiki. Haikusudii kueleza biashara yake peke yake, wala kuhesabu ajali zake peke yake, kwa sababu mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wengi. Inakusudia kutazama mtindo: jinsi pikipiki inavyoendeshwa, jinsi inavyogeuzwa umbo na sauti, na jinsi waendeshaji wanavyoshindana kwa mitindo hiyo. Mahali tulipopachagua ni Mchukwi, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, pamoja na vijiji na miji midogo ya jirani.

Sababu za kupachagua ni tatu. Kwanza, wilaya hii ina barabara za tabia mbili. Iko barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ambayo hupita Kibiti na kuuvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Ziko pia njia za mchanga na za udongo zinazoingia mashambani mwa mikorosho na minazi, na zinazoteremka kuelekea delta na bandari ndogo ya Nyamisati, ambako abiria hupanda vyombo vya kwenda Mafia. Pili, Mchukwi pana hospitali ya misheni, na katika nchi ya njia kama hizo pikipiki ndiyo mara nyingi humfikisha mgonjwa kwa daktari. Tatu, watu wa wilaya hii waliwahi kuishi wakati ambapo mlio wa pikipiki usiku ulikuwa jambo la kutia hofu. Habari hiyo tutaifikia mahali pake.

Swali letu ni hili: je, mashindano ya waendeshaji pikipiki ni sanaa inayostahili heshima, au ni uharibifu tu? Jibu letu, ambalo kurasa zifuatazo zitalifafanua, ni kwamba hukumu haitegemei mwendo wala makelele. Inategemea hadhira. Hapana budi tuulize kama yule anayebeba hatari ya mchezo ameukubali mchezo huo.

Asili ya mashindano

Wapo watu wazima wanaodai kwamba ushindani wa vijana juu ya vyombo vya moto ni ugonjwa ulioletwa kutoka nje. Dai hilo halina msingi katika historia ya pwani yetu. Watu wa pwani wameshindana kwa mitindo tangu zamani, na mara nyingi wameshindana kwa kutumia vitu vya kigeni walivyovigeuza vikawa vyao.

Mfano ulio wazi ni ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika. Wachezaji walichukua tarumbeta, sare na gwaride za majeshi ya wakoloni, wakajipa vyeo, wakagawanyika katika vyama vinavyopingana. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi; Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, ameonyesha kwamba upinzani huo haukuwa upuuzi. Kwa njia ya mavazi, karamu na nidhamu ya gwaride, watu walibishana juu ya heshima, cheo na nafasi ya kila kundi katika mji. Marini kwa jumla walijiona kuwa watu wa daraja ya juu. Arinoti waliwajibu kwa idadi na kwa nguvu.

Mifano mingine iko karibu zaidi nasi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo jiji la Dar es Salaam limegawanyika rangi mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilishindana kwa taarabu na maigizo hadi mashabiki wakawa hawasalimiani. Hata khanga, vazi la mama zetu, ni uwanja wa mashindano, kwa maana maandishi yake humjibu jirani bila ya aliyeivaa kufungua kinywa.

Pikipiki imeingia katika ukoo huo. Chombo chenyewe ni cha kigeni: kinatoka Japani, India au Uchina. Hata jina la bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako katika miaka ya 1960 watu walivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hapa Tanzania pikipiki za abiria zilitambuliwa kwa kanuni za leseni zilizotolewa mwaka 2010. Lakini kama tarumbeta ya beni, pikipiki haikubaki jinsi ilivyotoka kiwandani. Fundi na mwendeshaji wameishika, wakaigeuza, wakaipa maneno, sauti na mwendo. Hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

Mitindo mitatu ya ugeuzaji

Tukitazama kwa makini pikipiki zilizoegeshwa katika kijiwe chochote cha wilaya hii, tutaona kwamba mabadiliko yanayofanywa juu yake hufuata njia tatu. Njia hizo tutaziita mtindo wa kupamba, mtindo wa kuvua, na mtindo wa kubeba. Mwendeshaji mmoja anaweza kuchanganya mitindo miwili, lakini kwa kawaida mmoja ndio hutawala.

Mtindo wa kupamba ni ule wa kuongeza. Mwendeshaji huongeza taa za rangi, vitambaa, kifuniko cha kiti kilichoshonwa kwa rangi za timu yake, redio, na zaidi ya yote maandishi katika madigadi ya nyuma. Maandishi hayo ni ndugu wa maandishi ya khanga na ya malori. Humshukuru Mungu, humtaja mama, humjibu hasidi, humtania mpinzani. Kifani, huu ni mtindo wa tungo fupi: mwenye pikipiki ana nafasi isiyozidi kiganja viwili, na katika nafasi hiyo hana budi kusema neno moja litakalokumbukwa na mtu aliye nyuma yake kwa muda wa sekunde chache. Walimu wanaofundisha muhtasari wangeweza kuanzia hapo.

Mtindo wa kuvua ni kinyume chake. Mwendeshaji wa mtindo huu hupunguza. Huondoa vioo vya pembeni, huondoa keria, hukata madigadi, huteremsha usukani ili mwili ulale juu ya tangi, na hutoboa au kuondoa kizuia sauti kilichomo ndani ya bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Anataka chombo kionekane chepesi na chenye hasira. Uendeshaji wake hufuata umbo hilo: hulaza pikipiki katika kona, huinua gurudumu la mbele, hupenya baina ya magari. Mtindo huu huiga pikipiki za mashindano za nchi za nje, ambazo vijana wameziona katika picha.

Hapa mhakiki hana budi kuwa mkali kidogo, kwa sababu fani ya mtindo huu mara nyingi hudanganya. Injini za pikipiki nyingi za kazi katika nchi yetu ni za ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150. Kuondoa kizuia sauti katika injini ndogo namna hiyo huongeza makelele mengi na nguvu kidogo sana, na pengine nguvu hupungua katika mwendo wa chini, kwa kuwa mchanganyiko wa hewa na petroli katika kabureta huharibika. Sikio huambiwa kwamba chombo kimepata nguvu, hali gurudumu halijapata kitu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na msemo huo unafaa hapa.

Mtindo wa tatu, wa kubeba, ndio usiosifiwa vijiweni, ingawa ndio wenye ufundi mwingi kuliko yote. Mwendeshaji wa njia za mchanga huimarisha springi za nyuma, huunganisha keria ya chuma, huweka vizuizi vya chuma kulinda injini na miguu, huchagua tairi lenye meno makubwa, na hubadili uwiano wa magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo. Mabadiliko hayo ya mwisho yanastahili kuelezwa, maana yanaweza kufanyiwa hesabu darasani.

Tuseme gurudumu dogo la meno upande wa injini lina meno 14 na lile la nyuma lina meno 42. Gurudumu dogo litazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Sasa fundi akiweka nyuma gurudumu la meno 35, uwiano utakuwa 2.5. Kwa mzunguko uleule wa injini, pikipiki itakwenda kasi zaidi kwa asilimia 20, lakini nguvu yake ya kuvuta itapungua kwa sehemu moja katika sita. Kijana wa mtindo wa kuvua atapenda meno 35, kwa sababu barabara yake ni lami. Mwenye kubeba gunia la korosho na mtu mmoja juu ya mchanga atabaki na 42, au hata ataongeza. Kila mmoja amesoma barabara yake, akaandika jibu lake kwa meno ya chuma. Upinzani wa mitindo, kwa hiyo, katika asili yake ni upinzani wa barabara mbili: lami na mchanga.

Historia ya dunia inaunga mkono heshima tunayoitaka kwa mtindo wa kubeba. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Haikuundwa kwa ajili ya mbio. Ilifanywa isiwe na mkono wa klachi, ili hata mchukuzi wa chakula aweze kuiendesha huku mkono wake mmoja umeshika mzigo. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kilichoifikia. Pikipiki iliyoenea kuliko zote duniani ilikuwa pikipiki ya mchukuzi.

Maudhui ya mlipuko

Fani haiwezi kutengwa na maudhui. Tumekwisha kuona jinsi pikipiki inavyogeuzwa. Sasa tuulize inasema nini.

Uko mchezo mmoja unaopendwa na vijana wa mtindo wa kuvua, nao ni kuzima na kuwasha swichi wakati pikipiki ikiwa katika mwendo. Injini iliyozimwa huendelea kuvuta petroli kwa sababu gurudumu linaizungusha, lakini petroli hiyo haiungui. Huingia ikiwa mbichi katika ekzosi yenye moto, na swichi inapowashwa tena hulipuka kwa mshindo. Mshindo huo unafanana na risasi, na kufanana huko ndiko kunakotafutwa. Mpita njia hushtuka, watoto hukimbia, na mwendeshaji hucheka.

Katika mahali pengi mchezo huo ungehesabiwa kuwa ni utovu wa adabu tu. Katika Kibiti una maana nzito zaidi. Katika miaka ya 2016 na 2017 wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilikumbwa na mauaji ya kupigwa risasi. Waliouawa walikuwamo viongozi wa vijiji na vitongoji, na mwezi wa Aprili mwaka 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa wilayani Kibiti. Mwaka huohuo Polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika wilaya hizo tatu. Kwa amri hiyo, chombo kilichokuwa riziki ya vijana na gari la wagonjwa la masikini kilinyamaza tangu jua linapokuchwa.

Mwandishi yeyote wa fasihi anajua kwamba alama haina maana moja kila mahali. Moto jikoni si moto shambani. Kadhalika mshindo wa ekzosi unaochezewa katika mji usiojua risasi si sawa na mshindo uleule mbele ya nyumba ya mjane wa Kibiti. Kijana anayeupiga hutunga sentensi ambayo labda yeye mwenyewe hakuikusudia, lakini hadhira yake huisoma yote. Hapa hatumshitaki kwa kelele. Tunamshitaki kwa kutojua lugha ya mahali anapoitumia fani yake, na katika uhakiki hilo ni kosa kubwa kuliko kelele.

Hadhira iliyokubali na hadhira iliyolazimishwa

Sasa tumefika katika kiini cha insha hii. Tulisema kwamba mashindano ni mila yetu ya zamani. Mbona basi Marini na Arinoti tunawataja kwa fahari, na waendeshaji wa mbio barabarani tunawatazama kwa wasiwasi?

Tofauti iko katika hadhira. Aliyekwenda kuitazama beni alikwenda kwa miguu yake. Aliyechoshwa na tarumbeta aliweza kurudi nyumbani. Mchezaji aliyeanguka katika gwaride alijiumiza au kujiaibisha mwenyewe. Vivyo hivyo mshabiki wa Simba au wa Yanga hulipa kiingilio, hukaa jukwaani, na bao la mpinzani humuuma moyo, lakini halimvunji mguu. Katika mashindano ya aina hiyo kuna mkataba usioandikwa baina ya mchezaji na mtazamaji.

Mashindano ya pikipiki katika barabara ya umma huuvunja mkataba huo. Abiria aliyepakiwa nyuma ni mtazamaji asiyeweza kutoka ukumbini. Mwanafunzi anayevuka barabara, mama anayeuza machungwa kando ya lami, mzee aliye juu ya baiskeli, wote wameingizwa mchezoni bila kuulizwa. Sayansi huongeza uzito wa jambo hili. Umbali wa kusimama kwa breki huongezeka kwa mraba wa mwendo: anayekwenda kilomita 60 kwa saa huhitaji umbali mara nne kuliko anayekwenda 30. Tena kwa mwendo huo wa 60 pikipiki hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, kabla hata mkono haujaifikia breki. Mwendeshaji anaweza kuwa fundi hodari, lakini mtoto anayevuka si mwenzake katika ufundi huo na wala hakuahidi kuwa.

Nchi nyingine zimekabiliana na tatizo hilo kwa namna mbalimbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria ya Uingereza iliweka mwisho wa mwendo kuwa maili 20 kwa saa, kwa hiyo mbio haziwezi kufanywa kihalali katika barabara zake. Kisiwa cha Man, chenye bunge lake chenyewe, kilikubali barabara zake zifungwe kwa ajili ya mashindano, na mwaka 1907 mbio za pikipiki zijulikanazo kama TT zikaanza huko. Mbio hizo zimechukua roho za waendeshaji wengi tangu zilipohamia njia yake ya milimani mwaka 1911, na yeyote anayependa kuzilaumu ana haki. Lakini barabara hufungwa, mwendeshaji huandikisha jina lake akijua hatari, na hakuna anayebeba abiria wa kwenda hospitali. Baadaye, mwaka 1924, huko Camberley yalifanyika mashindano ya pikipiki katika ardhi ya mashamba na matope, ambayo ndiyo asili ya mbio za motokrosi. Mbio hizo zimefika Afrika ya Mashariki. Kenya na Uganda zina viwanja vyake, na uwanja wa Busiika, kaskazini ya Kampala, unajulikana sana kwa mashindano hayo. Huko vijana huruka angani na kuanguka matopeni, wakiwa wamevaa kofia ngumu na ngao za kifua, na watazamaji hupiga makofi kwa ridhaa yao.

Fundisho la mifano hii ni kwamba dunia haikuuua ushindani wa pikipiki. Iliupa uwanja. Kijana wa Kibiti anayeweza kuendesha juu ya mchanga mzito wakati wa kiangazi, na juu ya utelezi wa udongo wakati wa masika, bila kuweka mguu chini, ana ustadi ambao mwana motokrosi wa nchi yoyote angeuheshimu. Ustadi huo ulizaliwa katika mtindo wa kubeba, si katika mtindo wa kuvua. Ukipewa uwanja utaonekana. Usipopewa, utaendelea kudharauliwa na wale wanaodhani kwamba umahiri ni mshindo.

Hoja za upande wa pili

Mhakiki wa haki hana budi kusikiliza pande zote mbili. Kuna hoja mbili zinazotolewa kwa utetezi wa waendeshaji, na zote mbili zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya uchumi. Waendeshaji wengi si wenye pikipiki. Humpelekea tajiri hesabu yake kila siku au kila wiki, au wameingia mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Mtu wa namna hiyo hukimbia kwa sababu kila safari anayoikosa ni sehemu ya hesabu iliyopotea. Kwa hiyo, wasema watetezi, mwendo mkali si mtindo bali ni njaa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu, nayo inatukumbusha kwamba mtunzi hatungi hewani bali katika mahusiano ya mali. Lakini haielezi kila kitu. Njaa inaeleza kwa nini mtu anakimbia na kwa nini anapakia abiria watatu kwa mtindo wa mshikaki. Haielezi kwa nini anainua gurudumu la mbele akiwa hana abiria. Pale njaa inapokoma kueleza, mtindo ndio unaoanza kusema.

Hoja ya pili ni kwamba jamii imewahukumu vijana hawa kabla ya kuwatazama, na kwamba jina la bodaboda limekwisha kufanywa jina la uhuni. Hapa watetezi wana haki kubwa zaidi. Mwaka 1964 huko Uingereza, katika miji ya pwani ya Clacton na Brighton, yalitokea magomvi baina ya makundi mawili ya vijana wenye mitindo inayopingana. Wale walioitwa Mods walipanda skuta zilizopambwa kwa vioo na taa nyingi. Wale walioitwa Rockers walipanda pikipiki nzito, wakavaa ngozi nyeusi. Magazeti yalitangaza kana kwamba nchi inakwisha. Mtaalamu wa elimu jamii Stanley Cohen, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alionyesha jinsi hofu ya watu wazima ilivyolikuza jambo hilo kupita ukweli wake, na jinsi kukuzwa huko kulivyowafanya vijana wajione kuwa maadui wa jamii kweli. Mtu akiitwa muhuni kila asubuhi, siku moja huitikia.

Kwa hiyo tunapokemea mshindo na mbio, tusisahau kwamba waendeshaji walewale ndio wanaoamshwa saa nane ya usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Mchukwi, juu ya njia ambayo gari haliwezi kupita. Katika safari hiyo hakuna kinachoonekana cha kusifiwa na kijiwe. Mwendo ni wa pole, taa inatafuta mashimo, mwendeshaji anahisi kwa mgongo wake kila pumzi ya mgonjwa. Hata hivyo, kama sanaa ni ufundi unaotumika kwa ukamilifu kwa faida ya binadamu mwingine, basi hiyo ndiyo kazi bora ya pikipiki katika wilaya hii, na mhakiki asiyeitaja amehakiki nusu ya kitabu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mashindano ya mitindo si jambo geni kwetu, kwamba ugeuzaji wa pikipiki una fani na maudhui, na kwamba kipimo cha haki cha kuuhukumu ni hadhira. Mtindo wa kupamba tunaukubali, maadamu taa na vitambaa havimfichi mtu barabara. Mtindo wa kubeba tunausifu na tunataka usifiwe hadharani. Mtindo wa kuvua hatuulaani, ila tunasema mahali pake ni uwanjani. Kioo cha pembeni kinapoondolewa barabarani, aliyevuliwa si pikipiki bali ni mtu aliye nyuma yake.

Shule zina kazi ya kufanya katika jambo hili. Mwalimu wa fizikia anayo breki na mraba wa mwendo. Mwalimu wa hisabati anayo magurudumu ya meno. Mwalimu wa Kiswahili anayo maandishi ya madigadi, na mwalimu wa historia anayo beni. Mwalimu wa uraia anayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo wengi huijua kwa faini yake kuliko kwa maana yake. Na mwalimu yeyote anaweza kuieleza kofia ngumu, ambayo kwa mujibu wa utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Maleba ya mwigizaji humgeuza awe mtu mwingine. Kofia ngumu humwacha abaki yeye yule hadi mwisho wa safari.

Halmashauri na vyama vya waendeshaji navyo vina kazi. Kiwanja kimoja cha mchanga, kilichofungwa kwa kamba siku moja ya mapumziko, chenye waamuzi, muuguzi na kofia, kingetosha kuanzia. Watu wapewe alama si kwa mwendo peke yake, bali kwa kubeba mzigo bila kuumwaga, kwa kupita matopeni bila kuweka mguu chini, kwa kusimama mahali palipochorwa mstari. Hapo mwenye meno 35 na mwenye meno 42 watakutana mbele ya watu waliokuja kwa hiari, na ubishi wao utapata jibu bila ya kumdai mtu asiyehusika.

Wahenga wametuambia kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wengi huutumia msemo huo kumzuia kijana asikimbie. Lakini ukisikilizwa vizuri, haukatazi mbio. Unauliza sakafu ina upana gani. Kazi ya wakubwa, walimu na viongozi ni kuipanua sakafu, na kazi ya kijana ni kuujua ukingo wake kabla hajakanyaga gia.